Maadui Aliowaua Baba

Baba alirudi kutoka vita ya Uganda akiwa ameua adui mmoja. Mmoja tu, tena kwa taabu. Ilipoingia enzi ya ruksa, sukari ikapanda, nauli ikapanda, na maadui wa baba nao wakakataa kubaki nyuma. Miaka ya tisini ilipofika walishakuwa saba, na kila mmoja alikufa huku anaomba maji. Gongo la Mboto nzima ikamwita Kamanda. Sie wanawe, mgeni akiketi tu, tunajua chai itapoa.

Aliyeamini ni mama. Masikini, aliamini mpaka akawa anafunga Jumatatu na Alhamisi, akimwombea mumewe msamaha kwa damu ya watu. Baba anakaa naye kwenye futari, anashiba, anaongeza adui wa nane. Nilikuwaga na hasira mie, we acha tu!

Baba akafariki. Tuliporudi kutoka kumzika, watani wakaanza vituko. Sie Wanyamwezi, na watani zetu Wazaramo wakija msibani wana ruhusa ya kusema lolote. Mzee mmoja wao, aliyekuwa kikosi kimoja na baba, akajivika sufuria kichwani, akafunga kanga kiunoni, akawa anasonga ugali wa hewa huku anatetemeka. "Mabomu hayo! Jamani, nani kaniunguzia maharage?" Watu wakavunjika mbavu.

Mzee mwingine wa vitani akasimama, kafura. "Muongo wee! Marehemu kaua watu, mie nilikuwepo!"

"Ulikuwepo wapi? Si ulikuwa nyuma huko na lori la viatu?"

Haya, vita ikaanza upya. Mashujaa wetu wakabishana hadi kama mto waliuvuka kwa daraja au kwa mtumbwi, na kila mmoja anaapa.

Mama alikuwa ndani, kakaa eda. Tangu asubuhi hakuwa ametoa chozi. Akamwita yule mtani dirishani.

"Shemeji, utani weka pembeni. Mume wangu aliua, hakuua?"

Mzee akavua sufuria. "Wallahi hakuua mtu, shemeji. Alikuwa mpishi. Hata kuku tulimchinjia sie."

Kuku wa nyumba yetu siku zote walichinjwa na jirani. Baba alidai mkono uliozoea watu hauwezi kushushwa cheo.

"Muongo mkubwa yule," mama akasema, akacheka. "Alhamdulillah." Kisha akaanza kulia kwa sauti, anamlilia mumewe tu, hamwogopei tena.