Walimu Waliokataa Mayai ya Bibi Mu

Ran Qiuping hakuwa mtu wa kusita. Tangu utotoni, akitumwa kwa jirani kuazima ungo, alirudi na ungo na habari za nyumba nzima. Alipochaguliwa kuingia chuo cha ualimu, kijiji chao kilichinja nguruwe, naye akapanda juu ya benchi akatangaza, "Msilie! Nitarudi kuwafundisha wajukuu zenu!" Watu wakaangua kicheko, maana hakuna aliyekuwa analia.

Likizo ya kiangazi ilipofika, alijiandikisha mbele ya wenzake wote kwenda kufundisha kwa kujitolea Shibanping, kijiji cha pilipili, ambako baba na mama wako viwandani pwani na watoto wamebaki na mabibi zao. Kiongozi wa msafara alikuwa Pang Zhiyuan, kijana mwembamba aliyeshika sheria za chuo kama mtu anayevuka daraja la kamba. Sheria kubwa ilikuwa moja: chochote cha mwanakijiji hakiliwi. Wao walikula tambi za pakiti walizobeba wenyewe.

Siku ya kwanza darasa lilifurika. Qiuping aliimba, akaruka, akafundisha hesabu kwa pilipili mbichi, hata watoto wakagoma kurudi nyumbani. Jioni, Bibi Mu, aliyemlea mjukuu wake Caixia, akaja shuleni ameshika bakuli kwa mikono miwili. Lilikuwa na mayai yaliyopasuliwa na kuchemshwa ndani ya maji ya sukari, yakifuka moshi. Shibanping, mayai hayo hupewa mkwe akija kuposa, au mtu ambaye nyumba inamheshimu kama mkwe.

"Kuleni, walimu, yasije yakapoa."

Pang akainama. "Asante, bibi, lakini haturuhusiwi. Hatutaki kuwasumbua."

"Nani kasumbuka? Aliyetaga ni kuku."

"Tafadhali, bibi, wapelekee wajukuu."

Qiuping alikuwa amesimama nyuma ya Pang, akimeza mate. Bibi Mu akageuka na bakuli lake, njia nzima watu wakiliona limejaa vilevile.

Asubuhi darasa lilikuwa tupu. Walingoja mpaka umande ukakauka.

"Ni msimu wa kuchuma," alisema Pang. "Wasipokuja kesho, napiga simu chuoni, tufunge mizigo."

"Kwani jana haukuwa msimu?" Qiuping akamjibu, huyo akatoka.

Alimkuta Caixia kijitoni akiosha mboga. "Mbona hukuja, mwanafunzi wangu?"

Mtoto akazidi kuinama. "Bibi anasema mnatuona wachafu."

Qiuping alihisi uso unawaka. Hata kwao, mkwe akikataa mayai yale, posa imevunjika, na hakuna haja ya kuulizana kwa nini. Lakini kwao pia palikuwa na desturi nyingine: wakati wa mavuno leo watu wote wako shambani kwangu, kesho kwako, na aliyesaidia hula mezani kwa mwenye shamba. Kutomlisha ni aibu. Alirudi shuleni karibu anakimbia.

"Kaka Pang, sheria inakataza kula bure, sivyo?"

"Ndivyo."

"Basi hatuli bure. Vaa kofia."

Bibi Mu aliwaona wakipanda kwenye matuta ya shamba lake, akajifanya hajawaona.

"Bibi, tumekuja kuchuma."

"Pilipili zangu zina udongo. Mtachafuka."

Wanawake wa matuta ya jirani wakacheka kwa sauti, ili wasikike.

"Huo udongo ndio ulionilea, bibi. Nipe kikapu."

"Watoto wa chuo nyie, mtanichumia majani."

"Nikichuma majani, jioni niwekee hayo hayo mezani, niyale."

Bibi Mu akanyanyua uso. Akamtazama yule msichana aliyejialika mwenyewe chakula bila haya. Kisha akamrushia kikapu.

Walichuma mpaka migongo ikakakamaa. Jasho lilimwingia Pang machoni, akajipangusa kwa vidole vyenye pilipili. Alipiga yowe, akaanza kurukaruka kati ya mistari.

"Usisugue, mwanangu, usisugue!" Bibi Mu akamshika mkono, akamkokota hadi kijitoni na kumchovya uso majini.

"Tizameni mwalimu anavyolia!" jirani mmoja akapaza sauti. "Na posa bado!"

"Nani atampa binti yake kijana asiyejua kuchuma?" akadakia mwingine, na Pang mwenyewe, macho yamevimba, akacheka.

Jioni walikaa kwa Bibi Mu mbele ya wali, mchuzi mchachu na nyama iliyokaushwa kwa moshi. Mayai hayakuwepo; hayo ni ya wageni, na hawa hawakuwa wageni tena. Pang akamtupia Qiuping jicho.

"Umefanya kazi," Qiuping akamnong'oneza. "Kula."

Akala, akaongezewa kabla hajamaliza. Majirani walikwishajaa mlangoni.

"Kesho kwangu!"

"Kwako wapi? Mie zangu zinaoza!"

Qiuping akapanda juu ya kigoda. "Sikilizeni, mama zangu! Asubuhi ni ya watoto, jioni ni ya pilipili. Atakayemleta mtoto wake darasani mapema kuliko wote, tunaanza na shamba lake."

"Huyu mjanja," akasema Bibi Mu, naye tayari anamtafutia Caixia viatu.

Kesho yake jua halijavuka kilima, mabibi walikuwa wanasukumana mlangoni pa darasa, kila mmoja kamtanguliza mjukuu, wengine usingizi bado machoni, na Qiuping akitafuta chaki.