Barua ya Mama Mwanaidi kwa Watu wa Redio

Mwantumu binti Mhina alijifunza kuandika akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili, na barua ya kwanza aliyoiandika maishani mwake ilikwenda kwa watu wa redio, kuwaambia kwamba mchezo wao wameumaliza vibaya.

Ilikuwa mwaka 1976, katika kijiji kipya cha ujamaa, mwendo wa saa nzima kwa mguu kutoka Mkata. Pale watu walimwita Mama Mwanaidi. Mwanaidi mwenyewe hakuwapo. Alikuwa binti yake wa pekee, akafa kwa homa akiwa na miaka kumi na sita, akazikwa Kwedigole, kitongoji walichokaa watu wa ukoo wao tangu enzi za mababu. Miaka miwili kabla ya barua hiyo malori yalifika Kwedigole asubuhi, na watu wakapewa siku moja ya kufunga mizigo. Mwantumu, ambaye wakati huo alikwisha kuwa mjane, alipakia kinu, mikeka, magunia mawili ya mahindi na kuku watano. Kaburi halipakiwi. Alilipalilia kwa mikono, haraka haraka, huku dereva akipiga honi, kisha akapanda lori akakaa juu ya magunia.

Hakuwa mtu wa kunung'unika. Kijiji kipya kilikuwa na kisima cha pampu, na kuta za zahanati zilikuwa zimefika kwenye linta, juu ya madirisha. Alilima shamba lake, akalima na la kijiji zamu yake ilipofika. Jambo moja tu lilimkaa kifuani: hakuna aliyeruhusiwa kurudi kwenye mahame, makazi yao ya zamani. Viongozi waliogopa kwamba mtu akirudi kuangalia atajenga kibanda, na akijenga kibanda wengine watamfuata. Aliyelitangaza katazo hilo mkutanoni alikuwa mwenyekiti wa kijiji, Salimu, mdogo wake marehemu mumewe.

Redio kijijini zilikuwa mbili, na iliyosikika vizuri ilikuwa ya Yordani, seremala. Yordani alizaliwa katika kambi za mkonge za Korogwe, baba yake alikuja kutoka Kigoma kukata mkonge akabaki huko huko. Kila Jumapili saa kumi alasiri aliiweka redio yake juu ya benchi la karakana, akavuta waya mpaka kwenye paa, na betri zilizokuwa zikianikwa juani tangu asubuhi akazirudisha mahali pake. Watu walikuja na kazi zao. Wanawake walikaa kwenye mikeka wakipukuchua mahindi, wanaume wakakaa juu ya mbao.

Waliufuata mchezo ulioitwa Wahamiaji wa Angani. Ulisimulia zama zijazo, ambapo visima vyote vya dunia vimekauka, na watu mia tatu wanapanda chombo cha chuma kwenda kwenye nyota yenye maji. Ndani ya chombo alikuwamo ajuza, Bibi Sikitu, aliyefunga kiunoni mfuko mdogo wa udongo wa uani kwake. Sehemu mbili za kwanza za mchezo ziliwashika watu barabara. Chombo kilipotoboka kwa jiwe la angani, Yordani mwenyewe alisahau gundi yake motoni ikaungua. Mwantumu hakuwa akisema mengi, ila Bibi Sikitu alipozungumza, mikono yake iliacha kupukuchua.

Sehemu ya tatu, ambayo ndiyo ya mwisho, ilianza baada ya mavuno, ikaisha Jumapili moja ya mwezi wa tisa. Wahamiaji walifika. Maji yalikuwapo, na ardhi nyeusi yenye rutuba. Kiongozi wao akasema dunia ya zamani isitajwe tena. Bibi Sikitu akafungua mfuko wake, akaumwaga udongo, akacheka na kusema, "Sasa nimesahau," akaingia kwenye ngoma pamoja na vijana. Mchezo ukaishia hapo. Mtangazaji akawaomba wasikilizaji waandike maoni yao.

"Mwisho mzuri," alisema Salimu. "Mtu anayeangalia nyuma hajengi kitu."

"Mimi naona wameukatisha, Ndugu Mwenyekiti," alisema Yordani. "Miezi yote hiyo tunasafiri nao, halafu kufika ni nusu saa. Wale watoto waliougua chomboni walipona? Nani katuambia? Hata mlango nisingeutengeneza hivyo, nikauacha bila bawaba."

Mabishano yakawa marefu. Wengine walisema kiongozi alipaswa kurudi kuwachukua waliobaki. Wengine walisema huu ni mchezo tu, watu wanajisumbua. Mtu mmoja akamwuliza Mwantumu, "Na wewe Mama Mwanaidi, umeuonaje?"

"Bado nafikiri," alijibu, akakusanya mahindi yake akaenda zake.

Alifikiri siku tatu. Siku ya nne, darasa la kisomo cha watu wazima lilipokwisha, alibaki kwenye gogo alilokalia. Mwalimu wao alikuwa Elina, binti wa Kisambaa kutoka Lutindi, ambaye umri wake haukuzidi miaka ishirini na mitatu.

"Mwalimu, nataka kuandika barua."

"Kwa nani, mama?"

"Kwa watu wa redio."

Elina alitaka kumwandikia, Mwantumu akakataa. Elina alitaka kumsahihishia maneno, Mwantumu akakubali herufi tu. Ilimchukua majuma mawili, mistari miwili mitatu kwa siku, ulimi ukiwa umebanwa kwenye pembe ya mdomo, akifuta mpaka karatasi ikatoboka.

Habari haikosi kupita kijijini. Siku moja asubuhi Salimu alikuja kwake, akapiga hodi, akakaribishwa kigoda. Hakuzunguka.

"Shemeji, nasikia unaiandikia redio. Unaandika habari za kijiji?"

"Naandika habari za mchezo."

"Naomba niisome. Sisemi kwa ubaya. Kesho na keshokutwa nitaulizwa mimi."

Mwantumu alimpa. Barua ilisema hivi:

"Kwa watu wa redio. Mimi ni Mwantumu binti Mhina wa Handeni. Mchezo wenu niliupenda tangu mwanzo. Mwisho wake si kweli. Bibi Sikitu hawezi kucheka akimwaga udongo. Mngemwacha akae nao. Ukiwa kiunoni haumzuii kushika jembe. Mimi nilihamishwa. Mwanangu yuko Kwedigole peke yake. Sijasahau, na kazi nafanya. Aliyetunga angekuja kutuuliza."

Salimu alisoma polepole. Akaweka kidole kwenye karatasi. "Hapa uliposema 'nilihamishwa', futa. Andika 'nilihama'."

"Wewe ulihama, shemeji?"

Mama mzazi wa Salimu naye alilala Kwedigole, hatua chache kutoka kwa Mwanaidi, na Salimu ndiye aliyemshusha kaburini mtoto yule kwa mikono yake. Alibaki ameishika barua mpaka jua likamfikia miguuni. Kisha akaikunja vile vile ilivyokunjwa na mwenyewe, akamrudishia.

"Ipeleke," alisema. "Basi la Korogwe linapita Mkata saa nne."

Mwantumu aliipeleka mwenyewe kwa mguu mpaka Mkata, akamkabidhi kondakta aitie posta.

Jumapili tatu zilipita bila neno. Ya nne, mtangazaji alisema atasoma maoni ya wasikilizaji. Karakana ilijaa hata waliokuwa hawaufuati mchezo. Mtu wa kwanza, wa Moshi, alisifu. Wa pili, mwanafunzi, alilalamika kwamba nyota haifikiki kwa miaka mitatu. Kisha wakasikia: "Mama Mwantumu binti Mhina wa Handeni anatuambia..."

Sauti nzito ya mtangazaji ilisoma maneno yake yote ya mwanzo, mpaka pale aliposema udongo haumzuii mtu kushika jembe. "Tunakushukuru, mama, kwa maoni yako," akasema, na muziki ukaingia.

Watu walifurahi. Yordani alipiga makofi, na Elina, machozi yakimlenga, akamshika Mwantumu mkono. Jina la mtu wa kijiji chao lilikuwa limetajwa nchi nzima. Mwantumu peke yake hakufurahi. Alisimama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya wanaume wengi.

"Haijaisha," alisema. "Yordani mwanangu, hebu izime hiyo."

Yordani alizima.

"Baada ya hapo niliandika hivi: Mimi nilihamishwa. Mwanangu yuko Kwedigole peke yake. Sijasahau, na kazi nafanya." Sauti yake haikupanda wala kutetemeka. "Aliyetunga angekuja kutuuliza. Basi. Ndiyo barua yote."

Akakaa. Mama mmoja mzee aliyetoka Kwedigole naye alijifunika uso kwa kanga. Wanaume waliangalia takataka za mbao chini. Wengi mle walikuwa wamezika mahali fulani ambapo lori halikwenda tena, na tangu wafike hakuna aliyelisema mbele ya mwenzake.

Salimu aliinuka kwenye mbao. Ilionekana kama anataka kuondoka, lakini alisimama pale pale.

"Jumamosi hatuendi shamba la kijiji," alisema. "Tunakwenda kupalilia makaburi. Kila mwenye mtu wake aje na jembe. Tunakwenda pamoja, tunarudi pamoja, na nikiulizwa nitajibu."

Walikwenda watu thelathini na saba, saa nne za njia. Kwedigole palikuwa pori. Nyumba zilikuwa zimeanguka, minyaa ya uani imekuwa miti, na makaburi yamedidimia chini ya nyasi. Mwantumu alilipata tuta alilodhani ni la Mwanaidi, kisha akaliona jingine kando yake, linalolingana nalo, mawe yote yametawanyika. Alizunguka mara kadhaa.

"Ni lipi, shemeji?" aliuliza Salimu.

"Sijui," alisema. Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu siku ya malori. Alipomaliza kulia aliyapalilia yote mawili, Salimu akimsaidia upande wa pili, kisha wakaomba dua wakarudi kabla jua halijazama.

Salimu aliulizwa kweli, wilayani, akajibu. Aliandikiwa onyo, akabaki mwenyekiti. Kila mwaka katika mwezi wa Shaaban watu waliendelea kwenda, na hakuna aliyejenga kibanda huko.

Mwantumu alifariki mwaka 1983 kwa ugonjwa wa kifua. Siku zake za mwisho Salimu alimwuliza kama anataka wambebe akazikwe Kwedigole, vijana walikuwapo na machela ingefungwa. Alifikiri muda mrefu, akakataa.

"Nizikeni hapa," alisema. "Huku kuna watu wanaopita."

Wakamzika nyuma ya shule, karibu na njia ya kwenda kisimani.