Mstari wa Saa Nane na Robo

Daftari la Mutunga lilikuwa na safu tatu: saa, upepo, sababu. Kwa miaka minne hakuacha nafasi hata moja wazi, na alilionea fahari daftari hilo kuliko wenzake wanavyoonea fahari ng'ombe. Nafasi iliyokuja kumshinda ilikuwa ya tarehe kumi na tisa Julai, mwaka wa 2001, siku aliyomuua binti yake Ndanu bila kujua.

Alitoka Makueni akiwa kijana, akachimba mawe Kitengela mpaka mgongo ukakataa. Mwaka wa tisini na saba watafiti wa chuo kikuu waliweka kontena jeupe uwandani, upande wa kuelekea Isinya, wakamwajiri kuwa mtunzaji. Ndani ya kontena kulikuwa na mashine ya leza. Ilivuta hewa kwa mrija kutoka juu ya mlingoti, ikaipitishia mwanga usioonekana kwa macho, mwanga uliorekebishwa hadi ukawa ule hasa unaomezwa na gesi moja, kaboni monoksidi, ile sumu isiyo na harufu inayotoka kwenye makaa. Mwanga ukipungua, gesi imeongezeka, na Mutunga alipaswa kuandika sababu daftarini. Majirani walimcheka kwamba anapima kitu kisichoonekana na kulipwa mshahara unaoonekana. Mutunga alicheka nao, kisha akaenda kumimina naitrojeni ya baridi kali kwenye mtungi wa leza, maana isipopozwa hivyo leza ile haikufanya kazi.

Alikuwa makini kupita kiasi, tuseme ukweli. Nyumba yake ya mabati ilikuwa mita sitini tu kutoka kwenye mlingoti, upande ambao upepo haukutoka mara nyingi. Lakini siku upepo ulipogeuka, hewa ya jiko la mkewe Phylis iliingia mrijani na kuharibu vipimo. Basi Mutunga akatunga sheria yake mwenyewe: upepo ukigeuka, jiko linaingia ndani na dirisha linafungwa. Phylis alitii, ila kila mara aliacha mlango wazi kidogo. Vipimo vikasafika. Daktari Bedan, mkubwa wake kutoka chuoni, akamsifu mbele ya wageni, na sifa zile zikamlevya. Kwamba gesi isiyofika mrijani ingebaki chumbani, hilo hakulifikiria, yeye aliyeishi na jina la gesi hiyo mdomoni kuliko mtu yeyote Kajiado nzima. Mtu kama huyo unashindwa hata pa kuanzia kumlaumu.

Tarehe hiyo kumi na tisa kulikuwa na ile baridi ya Julai inayoingia mifupani. Ndanu, mwenye umri wa miaka sita, alikuwa na homa na hakwenda shule. Phylis aliweka muthokoi kwenye jiko la makaa nje, chakula cha mahindi yaliyokobolewa, cha kuchemka saa nyingi, akaenda sokoni kumtafutia mtoto machungwa. Saa sita na nusu upepo ukageuka. Mutunga alibeba jiko kwa mikono yake, sufuria na yote, akaliweka karibu na kitanda ili mtoto apate joto. Akafunga dirisha. Ndanu akamwuliza kama muthokoi umeiva.

"Bado," Mutunga akamwambia. "Lala kidogo, ukiiva nitakuamsha."

Akauvuta mlango ukafungika kabisa, kwa sababu ya baridi.

Saa nane na robo mstari wa gesi kwenye skrini ya mashine ulianza kupanda. Mutunga alikasirika. Jiko lake lilikuwa ndani na dirisha limefungwa, kwa hivyo hewa ile chafu haingeweza kuwa ya kwake. Ilikuwa ya Githinji tu, aliyekaanga mandazi ya wachimba mawe upande uleule, mwendo wa robo saa. Akachukua daftari, akapita nyumba yake mwenyewe bila kuitazama, akaenda kumgombeza. Akakuta kibanda kimefungwa. Hata hivyo hakuamini. Aliinama akatia mkono kwenye jiko la Githinji lililoachwa nje, na majivu yalikuwa baridi, yamelowa manyunyu ya asubuhi.

Hapo ndipo alipoelewa kwamba gesi ilikuwa imejaa nyumbani kwake na kuanza kuvuja kwenye nyufa za mabati. Alikimbia akilitupa daftari njiani. Alipofungua mlango, muthokoi ulikuwa umeiva, na Ndanu hakuamka.

Baada ya mazishi Phylis alimwuliza swali moja tu.

"Hiyo mashine yako haikuona?"

"Iliona," Mutunga akasema. "Mimi ndio nilienda kwa Githinji."

Phylis alikunja nguo zake akarudi kwao Makueni. Hakumtukana. Angemtukana, ingekuwa afadhali.

Mwezi ulipoisha Daktari Bedan alikuja kuchukua rekodi. Alitoa pole, tena pole ya kweli, akakaa nusu saa bila kugusa karatasi. Lakini kazi ilikuwa inamngoja. Akaonyesha mahali mstari ulipopanda ghafla, kisha nafasi tupu kwenye daftari lililoraruka jalada. Alieleza kwa upole kwamba bila sababu kuandikwa italazimu kutupa vipimo vya wiki nzima.

"Hapa ni nini ilifanyika, Mutunga?"

Mutunga alichukua kalamu. Akaandika: Jiko la mtunzaji. Bedan alisoma, akatazama tarehe, akavua miwani yake. Hata hivyo hewa ya jiko la karibu si hewa ya uwanda, na taratibu zao zilikuwa wazi. Kipande kile kikafutwa, mstari ukaunganishwa.

Mutunga aliendelea na kazi hadi mradi ulipofungwa mwaka wa 2004, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda. Mchoro wa vipimo vya miaka yote ulibandikwa ukutani mwa kontena. Kila asubuhi, akishamimina naitrojeni, aliitafuta Julai ile kwa kidole. Mstari ulipita pale umenyooka, siku ya hewa safi kama nyingine zote.