Niliyemwandikisha Shule kwa Mdomo

Siku hizi mimi ni mmoja wa wale akina mama wasumbufu wa kamati ya mtaa, tunaopita Kariakoo stoo kwa stoo kuwatafuta watoto wanaofanyishwa kazi. Wenye maduka wananiona nina kiherehere. Sawa. Lakini mtoto akinijibu harakaharaka kwamba anasoma, mwili hunisisimka, maana uongo huo niliwahi kuusema mimi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, mama yangu alipoacha kazi ya ofisi akaanza kuuza mitumba Mchikichini. Nyumbani kwetu Ilala akaletwa msichana wa kumlea mdogo wangu, kwa kuwa mama yake msichana huyo alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani. Alinizidi miezi michache, lakini mimi ndiye niliyeitwa dada.

Shuleni nilichaguliwa kusema ngonjera ya kupinga utumikishwaji wa watoto mbele ya mgeni rasmi. Nilikuwa na sauti kubwa; akili ni jambo jingine. Nilifanya mazoezi uani, yeye akifua nepi huku akinijibu sehemu ya mzee wa kwenye ngonjera.

Siku yenyewe ubeti wa tatu ukanipotea. Nikabaki nimekodoa macho kama mwizi aliyekamatwa. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya wazazi. Alikuwa yeye, mdogo wangu mgongoni, akiusema ubeti ule na zote zilizobaki bila kukosea. Watu walipiga makofi mpaka mtoto akaamka. Niliona wivu, sifichi.

Mgeni rasmi akamwita mbele. "Unasoma wapi, mwanangu?"

Mama akawahi. "Hawa wote wanangu, mheshimiwa. Wanasoma hapahapa."

Mwalimu wangu alikohoa tu. Mgeni rasmi akanigeukia mimi. "Darasa moja?"

Ningependa kusema nilimwogopa mama. Hapana. Niliwaza, yeye akiondolewa kwetu, nani atambeba mdogo wangu nikitaka kucheza rede.

"Ndiyo," nikasema. "Darasa la tano."

Tukapewa daftari, kila mmoja lake. Njia nzima msichana yule alikuwa akicheka peke yake, nami nilidhani anatucheka sisi.

Asubuhi nikamkuta mlangoni. Alikuwa ameshamwogesha mtoto na kuchemsha chai, na sasa amevaa sare yangu ya zamani, inambana kwapani, daftari kifuani. Aliamini kwamba jambo likishasemwa mbele ya mgeni rasmi, limepitishwa.

"We unaenda wapi?" mama akamuuliza.

Aliniangalia mimi.

"Dada, si ulisema?"

Niliinama kufunga kamba za viatu, na zilikuwa zimefungwa tayari. Nikasema nachelewa mstarini, nikampita.