Mwalimu Solomoni na Jina Lisilotamkwa

Mwaka 1911 Solomoni wa Elerai alikuwa mwalimu wa shule ndogo ya misheni, na pamoja na chaki alikabidhiwa daftari la matukio ya kijiji, ambalo mchungaji Mjerumani alilisoma kila Jumamosi. Ilikuwa kazi ya hatari kwa mtu aliyependa kuendelea kusalimiwa na majirani. Solomoni akabuni njia yake. Aliandika: "Mbuzi wamefunguliwa, mahindi yameliwa. Kengele haikupigwa. Mgomba wa misheni umekatwa." Kila jambo lilikuwa kweli, na hapakuwa na mtu aliyelitenda.

Mchungaji alivumilia miezi minne.

"Solomoni, huku kwenu mambo hutendwa, hutendwa tu. Watendaji wako wapi? Wamehama?"

"Wapo, Bwana Mchungaji. Wana afya njema."

"Basi kuanzia leo jina la mtu litangulie. Na watoto uwafundishe hivyo hivyo."

Akawafundisha. Ubaoni aliandika "Ugali umepikwa", nao watoto wakageuza kwa kelele: "Mama amepika ugali!" Daftarini nako akaandika: "Lerionka amefungua mbuzi. Mzee Thomasi hakupiga kengele, alilala." Wiki ya tatu akakutana na huyo Thomasi, mzee wa kanisa, kwenye mfereji wa maji.

"Shikamoo, mzee."

"Shikamoo yako kaiandike daftarini," Thomasi alijibu, akapita.

Ndipo ikapikwa pombe ya ndizi, kitu kilichokatazwa kabisa na misheni. Harufu yake ilifika hadi kwenye sala ya asubuhi, kwa hiyo kulinyamazia jambo hilo hakukuwezekana. Kijiji kizima kilimjua aliyepika: Sinyati, mama yake Naipanoi mke wa Solomoni. Sinyati mwenyewe alikuwa akisubiri ubatizo. Lakini kwa desturi ya Waarusha, mwanamume hatamki jina la mama mkwe wake, wala hatazamani naye. Akimwona njiani, huingia migombani akampisha. Solomoni alitafuna kalamu, kisha akaandika: "Pombe imepikwa na mtu nisiyeweza kumtaja."

Jumapili mchungaji aliisoma sentensi hiyo kanisani, kwa sauti. Watu wakajifunika mashuka usoni, mabega yakitikisika kwa kicheko. Kwa mwanamume aliyeoa, asiyetajika ni mmoja tu, na mle ndani mchungaji peke yake ndiye asiyelijua hilo.

"Unamwogopa mtu huyo?"

"Sana, Bwana."

"Ni jumbe?"

"Jumbe ana nafuu," Thomasi akadakia kutoka kwenye benchi lake.

"Vema. Baada ya ibada utamtaja, au utanirudishia ufunguo wa shule."

Nje ya kanisa Solomoni alisimama, ufunguo mkononi. Mara watu wakapisha njia, na Sinyati akapita katikati yao. Solomoni akageuka upesi, akaukabili ukuta wa kanisa.

"Ukutani kuna nini?" mchungaji akafoka.

"Kuna heshima," akajibu Thomasi.

"Mimi Sinyati nimepika," mama yule akasema. "Andika, Bwana, umwache aliyemwoa mwanangu."

Mchungaji akachangamka, akatoa kalamu. Sasa alikuwa amepata sentensi yenye mtendaji. "Na nani alikunywa? Nataka majina!"

"Wa kwanza alikuja Jumanne, juu ya nyumbu. Alisema ana kiu. Akamaliza kibuyu, akasema togwa hii ni tamu, akaomba kingine. Halafu akatuimbia zaburi, yote."

Elerai nzima ilikuwa na nyumbu mmoja tu wa kupandwa. Masikio ya mchungaji yakawa mekundu, na kalamu yake ikasimama hewani.

"Jina litangulie, Bwana Mchungaji," Thomasi akamkumbusha kwa upole.

Mchungaji alikohoa. "Solomoni, weka ufunguo wako mfukoni. Andika: pombe ilipikwa, ikanywewa. Wahusika wameonywa."

"Wote, Bwana?" Solomoni akauliza, bado akiutazama ukuta.

"Wote."

Siku ya Pentekoste Sinyati alibatizwa, akaitwa Hanna, na hapo ikazuka shida nyingine. Desturi ilimkataza Solomoni jina la zamani. Je, hili la kigeni nalo? Akaenda kumwuliza Thomasi.

"Mwite uone," Thomasi akamshauri.

Hakuthubutu. Darasani kwake walikuwamo akina Hanna wawili, na mpaka Wajerumani walipoondoka, aliwaita "wewe wa mbele" na "wewe wa dirishani".