Fundi Viatu Anayeisifia Sarajevo

Fundi viatu wa stesheni ya Graz huusifia mji wa Sarajevo kwa kila mteja. Hata akiwa na misumari mdomoni husema, "Nenda, mwanangu. Kahawa bei poa, na nyama ya kuchoma unaletewa na mkate wa moto." Mwenyewe hajarudi tangu vita vimfukuze. Jumatatu Annelies, muuza maua jirani yake, alimletea buti akamwuliza, "Kila siku unatutuma sisi. Wewe unaenda lini, mzee?"

Nyundo ilisimama. Akaitemea kiganjani misumari, mmoja mmoja.

"Mama alizikwa kule nikiwa huku. Hata kaburi silijui."

"Basi twende wote, tukalitafute."

Alikigonga kisigino mara tatu, taratibu, kisha akauliza basi la Sarajevo huondoka saa ngapi.