Kata ya Kwanza

Mtunza mfereji wa jalala la Keko hakumpa mtu kiganja. Ukimsalimu alikunyooshea kifundo cha mkono, maana vidole vyake vilinuka chokaa ya jalalani hata siku ya Idi. Maji meusi ya taka aliyakinga kwa udongo wa mfinyanzi yasifike kisimani petu, akayaelekeza kwenye shimo la mchanga na mkaa. Masika ya mwaka arobaini na saba ukingo ukabomoka. Kutwa nzima alisimama ndani ya uchafu ule, akiuziba. Asubuhi iliyofuata wanawake walikizunguka kisima na madebe matupu, wakiogopa. Akateka kata moja, akanywa.

“Ngojeni kesho. Nikiamka salama, tekeni.”

Kesho yake tulimkuta kisimani, anatusubiri. Mama akakipita kile kifundo alichomnyooshea, akakishika kiganja kwa mikono miwili.